Ukumbi Ukizingua: Jinsi ya Kuilinda Bendi na Shoo Zinazofutwa Dakika za Mwisho

Kama mnapiga live basi hii mnaijua. Meneja wa ukumbi kachangamka kwenye simu, "njooni tu, tarehe hiyo ni yenu", nyie huku mnafanya mazoezi, mnatengeneza posta, mpiga besi anaomba ruhusa kazini, dereva anapewa hela ya mafuta, alafu siku mbili kabla inaingia meseji ya mstari mmoja "jamani tumeahirisha, tutawacheki". Na hawawacheki. Au mbaya zaidi hakuna meseji kabisa, mnafika na vyombo mnakuta kuna sherehe ya mtu mwingine humo ndani.

Bendi nyingi zinaanza kupambana siku hiyo hiyo, na siku hiyo mnakuwa hamna mnachoshika mkononi. Kelele mtapiga lakini mkiulizwa mlikubaliana nini, na nani, lini, kila mtu anaangalia chini. Kwahiyo sehemu kubwa ya haya ninayoandika ni ya kufanya wiki kadhaa kabla, na msimamo wangu uko hivi: tarehe isiyo na maandishi wala advansi (sehemu ya malipo inayolipwa kabla ya shoo) haipo. Msiiposti, msiikatalie kazi nyingine kwa sababu yake, msimwambie mtu yeyote "tunapiga Jumamosi". Mnaweza kuiandika kwa penseli tu basi.

Mjue mnaongea na nani

Huyu aliyewapigia simu ni nani hasa? Anaweza kuwa mwenye ukumbi, anaweza kuwa meneja aliyeajiriwa, anaweza kuwa promota aliyekodi ukumbi kwa usiku mmoja, na anaweza kuwa mtu tu anayefahamiana na meneja na anataka kula cha juu katikati. Hawa wote wanaongea kwa kujiamini sawasawa. Shida ni kwamba promota asipomalizia kodi ya ukumbi, mwenye ukumbi anafunga mlango na kisheria wala hajawakosea nyie, maana hamna makubaliano naye yoyote. Nyie mlikubaliana na promota, na promota simu yake muda huo haipatikani.

Kwahiyo ulizeni mapema, kwa adabu tu: "ukumbi umeshalipiwa?" Alafu pigeni simu ukumbini wenyewe, namba mliyoitafuta nyie na sio aliyowapa yeye, muulize kama tarehe fulani kuna shoo ya bendi na nani kaikodi. Simu ya dakika mbili. Promota wa kweli hakasiriki mkifanya hivi, anayekasirika mshukuruni Mungu kajionyesha mapema.

Kingine, tafuteni bendi mbili tatu zilizopiga pale miezi ya karibuni. Nasema karibuni kwa sababu ukumbi unabadilika na meneja, jina la nje linabaki lile lile lakini aliyekuwa analipa vizuri mwaka juzi keshaondoka zamani. Na msiulize "pale pako poa?" maana utajibiwa "poa tu". Uliza vitu vyenye jibu: mlilipwa siku gani, nani aliwakabidhi hela, mlikuta vyombo walivyoahidi, shoo ilianza saa ngapi ukilinganisha na saa waliyosema. Hapo utapata picha.

Dalili zinazonitia wasiwasi mimi ni kama hizi: meneja hataki kuandika chochote, kila ukigusa hela anasema "hiyo tutaongea tukionana", kurasa zao hazijatangaza shoo yenu na imebaki wiki moja, au wanawaomba nyie ndio mlipe kwanza ili mpate nafasi ya kupiga, au wanawalazimisha mnunue tiketi mkauze wenyewe na zikibaki hasara yenu. Hii ya mwisho ipo duniani kote na wengine wanaiona ya kawaida, kwangu mimi huyo hajawaajiri, kawauzia bidhaa.

Tarehe iliyoshikwa bado haijawa yenu

Hapa wengi wanapotea. Kwenye kumbi zinazojiendesha kitaalamu kuna kitu cha kushikiwa tarehe, yani unaomba tarehe fulani wanakuandika wa kwanza, akija mwingine wanamwandika wa pili, na kuendelea. Ukishikiwa hamjakubaliana bado, ni foleni tu. Yule wa pili akiwa tayari kuthibitisha na hela yake mkononi, ukumbi unampigia wa kwanza unampa muda, mara nyingi masaa 24 au 48, aamue, asipoamua tarehe inaenda. Sasa bendi changa inasikia "tumewashikia" inaenda kuposti, kumbe wako wa tatu kwenye foleni.

Mkiambiwa mmeshikiwa ulizeni maswali mawili tu. Sisi ni wa ngapi? Na mwisho wa kuthibitisha ni lini? Wakishindwa kujibu hayo basi hakuna foleni yoyote pale, kuna daftari la meneja ambalo linafutwa na yeyote anayekuja na hela nyingi zaidi.

Andikeni, hata kama ni kwa WhatsApp

Mkataba wa kurasa nne wenye muhuri ni mzuri, lakini najua shoo nyingi ndogo hazifiki huko na meneja ukimletea makaratasi anaona unamletea polisi. Njia rahisi ni hii: mkimaliza kuongea kwenye simu, saa hiyo hiyo mmoja wenu (awe mmoja siku zote, sio leo huyu kesho yule) anaandika meseji yenye kila kitu na kuomba ajibiwe. Mfano:

"Habari za mchana kaka, asante kwa mazungumzo ya leo. Naandika tulichokubaliana ili tuwe na kumbukumbu moja. Bendi itapiga Jumamosi tarehe 14, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 6 usiku, seti mbili na mapumziko ya nusu saa katikati. Tunafika saa 10 jioni kupanga vyombo, saundi cheki saa 11. Ukumbi unatoa spika, miksa, maiki 5 na fundi mitambo. Malipo ni (hapa weka kiasi kwa tarakimu na kwa maneno), nusu inaingia kabla ya tarehe 1, iliyobaki tunapewa kabla ya seti ya pili. Shoo ikifutwa na upande wenu zikiwa zimebaki siku 7 au pungufu, malipo yote yanabaki palepale. Advansi ikiingia ndio tunaanza kutangaza. Kama kuna sehemu nimekosea naomba unirekebishe, kama iko sawa naomba unijibu tu sawa."

Akijibu "sawa" mna kitu. Sehemu nyingi makubaliano ya meseji yanahesabika kama makubaliano, na hata yasingehesabika, mtu aliyeandika "sawa" kwa mkono wake anapata shida kugeuka baadae akasema hakumbuki. Pigeni skrinshoti, tuma kwenye grupu la bendi, isibaki kwenye simu ya mtu mmoja maana simu inaibiwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na shoo ni mali.

Asipojibu? Msichukulie ukimya kuwa ndio. Mkumbushe baada ya siku mbili, akiendelea kukaa kimya tarehe inarudi kwenye penseli.

Advansi nayo mnaielewa vipi. Wengi wanaichukua kama hela ya nauli. Kazi yake kubwa ni kumfunga mtu, kwa sababu aliyetoa hela yake mfukoni anaikumbuka tarehe yenu, asiyetoa kitu anawasahau mpaka siku akiona posta. Nusu ndio kiwango mnachoweza kuanza nacho, wakilia sana shukeni mpaka robo, ila sifuri hapana. Ukumbi unaosema "sisi sera yetu hatutoi advansi" lakini una jina la kulipa vizuri, huo mnaweza kuupokea bila advansi mkiwa mnajua mnachofanya, hapo zile bendi mlizoziuliza ndio zinawasaidia kuamua.

Kuhusu kufutwa, wekeni ngazi. Mfano mnaoweza kupendekeza: zikiwa zimebaki zaidi ya siku 30 wanafuta bila kulipa, kati ya siku 30 na 8 wanalipa nusu, siku 7 kushuka chini wanalipa yote. Hizi namba zinajadilika, kuna watakaosema siku 14, sawa, cha msingi ngazi iwepo. Mantiki yake ni rahisi kumweleza meneja yeyote: mkitufuta mwezi kabla tunaweza kupata kazi nyingine ya usiku ule, mkitufuta Alhamisi kwa shoo ya Jumamosi hatupati, na wapigaji wa kukodi tumeshawaahidi hela.

Alafu kuna majanga, mafuriko, moto, serikali kuzuia mikusanyiko. Machi 2020 shoo zilikufa dunia nzima ndani ya siku chache na bendi nyingi ndio zikajua kwa mara ya kwanza kwamba kuna kifungu kwenye mkataba wao kinachosema likitokea janga lisilozuilika hakuna anayemdai mwenzake. Kifungu hicho ni cha haki na mtakutana nacho. Angalieni tu kisiwe kipana mno. "Mauzo ya tiketi kuwa madogo" sio janga, "hali ya hewa" peke yake kama shoo iko ndani ya jengo sio janga. Na muulize advansi inakuwaje hapo, inarudishwa au inahamia kwenye tarehe mpya. Mimi napenda ihamie.

Kama malipo ni ya mlangoni, yani mnagawana kiingilio, hapo kuwa macho kwenye maneno "baada ya gharama". Gharama zipi? Ukikubali asilimia 70 baada ya gharama bila kuona orodha yake, utakuta walinzi, taa, fundi, matangazo na sijui usafi vyote vimekatwa kabla, asilimia 70 ya kilichobaki haitoshi hata nauli. Omba orodha na kiasi chake kabla, na kisizidi hapo. Alafu muweke mtu wenu mlangoni na kile kidude cha kubonyeza kuhesabia watu, au muhuri wa mkononi wa kwenu. Hapo hamjamuita mtu mwizi, hesabu ikiwa mbili zinazofanana usiku unaisha bila maneno.

Karatasi ya vyombo ina kazi nyingine

Kuna kisa maarufu cha Van Halen, ile bendi ya roki ya Marekani. Mkataba wao wa ziara ya 1982 ulikuwa na sharti kwamba chumba cha bendi kiwe na peremende za M&M lakini zile za rangi ya kahawia zitolewe zote. Watu wakawacheka wakasema mastaa wamevimba kichwa. Baadae mwimbaji wao David Lee Roth akaeleza kwamba ulikuwa mtego. Shoo yao ilikuwa na mitambo mizito, mkataba umejaa mambo ya umeme na uzito wa jukwaa, sasa wakiingia chumbani wakakuta ile ya kahawia wanajua huyu mwenyeji mkataba hajausoma, na wanaanza kukagua kila kitu upya kabla mtu hajaumia.

Nyie hamna malori ya mitambo lakini ujanja wenyewe ni wa bure. Tumeni karatasi ya ukurasa mmoja, ina mchoro wa nani anakaa wapi kwenye steji, orodha ya maiki na laini mnazohitaji kwenye miksa, na umeme. Mahali katikati weka kitu kidogo kinachohitaji jibu, kwa mfano "kiti cha mpiga drams kisiwe na mikono, tujulisheni kama kipo". Ukumbi ukijibu kuhusu kiti, wamesoma. Wakijibu "poa tumepata" bila kugusa kiti, hapo ujue hamna aliyesoma, mpigie simu fundi mitambo wao moja kwa moja mpitie naye mstari kwa mstari.

Umeme usiupite haraka, shoo nyingi zinazokatika katikati zinakatika hapo. Jumlisha wati za kila mnachochomeka. Ampu za magitaa, kinanda, taa na spika zikifika wati 3000, kwenye umeme wa volti 230 hiyo ni kama ampea 13, kwenye nchi za volti 120 ni ampea 25, na soketi za kawaida zilizoungwa kwenye laini moja hazitaki mchezo huo hasa kama friji za kaunta ziko kwenye laini hiyo hiyo. Uliza steji ina laini zake au inachangia na kaunta. Uliza jenereta kama ipo inabeba steji au inabeba taa za nje tu. Majibu yakiwa ya kubabaisha hapa, mara nyingi na hela inakuja kuwa ya kubabaisha, sijui kwanini ila inakuwaga hivyo.

Wiki za kukaribia

Ukumbi unaotaka kuwafuta mara nyingi unaanza kunyamaza kabla, kwahiyo tafuteni ukimya mapema. Ikibaki wiki mbili tuma posta, omba waiweke kwao. Ikibaki wiki moja mpigie meneja, sauti sio meseji, muulize swali dogo la kawaida kama "mlango wa kushushia vyombo uko upande gani" maana swali la namna hiyo halimuudhi mtu na mwenye jambo la kuficha atababaika. Siku mbili kabla, tuma zile taarifa za mwanzo tena, saa ya kufika na saa ya kupiga. Asubuhi ya shoo, kabla gari halijapakia kitu chochote, mpige mtu atakayekuwepo pale na funguo. Kuna tofauti kubwa ya meneja anayesema "nipo" na mtu mwenye funguo kuwepo kweli.

Asipopokea wiki nzima, wekeni mwisho kwa maandishi: "Kaka tumekutafuta tangu Jumatatu. Tusipopata uthibitisho hadi Alhamisi saa 6 mchana tutachukulia kuwa ukumbi umefuta, na tutafuata yale tuliyokubaliana." Saa 6 ikifika, fanyeni mlichosema.

Na mnaruhusiwa kujitoa. Aprili 2017 lile tamasha la Fyre kule Bahamas, bendi ya Blink-182 ilijitoa siku moja kabla wakisema hawana uhakika watapata wanachohitaji kupiga shoo ya kiwango chao, na siku hiyo hiyo watu wakaanza kufika kisiwani wakakuta mahema na vurugu, kesho yake tamasha likafutwa. Kujitoa mapema kwa sababu mnazoweza kuzionyesha kwa maandishi hakuwachafui jina, mkikaa kimya mpaka saa ya shoo ndio mnachafuka.

Wamefuta, sasa

Kwanza msijibu mkiwa na hasira, na msiposti. Kaeni dakika kumi.

Akifuta kwa simu omba aandike. Kama hataki, andika wewe: "Nathibitisha kuwa leo saa 9 alasiri umenijulisha kwa simu kuwa shoo ya tarehe 14 imefutwa na ukumbi kwa sababu ya..." na uweke sababu aliyokupa yeye kwa maneno yake. Sababu hiyo itakuja kuwasaidia. Akisema leo "kuna sherehe binafsi imelipa zaidi" alafu mwezi ujao aseme ilikuwa mafuriko, mnayo.

Alafu ombeni vitu viwili kwa pamoja, tarehe mpya na malipo ya kufuta. Vipande hivi vinavutana vizuri: meneja asiyetaka kutoa hela atakuwa mwepesi kutoa tarehe, kwahiyo mnaweza kusema malipo ya kufuta yatageuka kuwa advansi ya tarehe mpya, ilimradi ilipwe leo na tarehe itajwe leo. "Tutapanga" msiikubali. Tarehe.

Kwa mashabiki, mpost ukweli mfupi. "Shoo ya Jumamosi haitakuwepo, ukumbi umefuta, waliolipia tiketi watarudishiwa hela hivi." Hapo panatosha. Mkianza kumuita meneja tapeli kwa jina mnaweza kujikuta nyie ndio mnadaiwa kwa kumchafua mtu, na hata isipofika huko kumbi nyingine zinasoma na zinaogopa bendi ya maneno mengi. Hela ya tiketi kama mliuza nyie mnarudisha nyie, kama ilipita kwa promota mwambieni mshabiki aende wapi, msimwache anazunguka. Ndio maana hela ya tiketi msiiguse hata kidogo kabla shoo haijapigwa. Hata kununua nyuzi za gitaa.

Wapigaji wa kukodi waambieni saa hiyo hiyo, kabla hamjajua chochote kuhusu malipo. Mwenzenu anaweza kupata kazi nyingine usiku ule kama akijua Alhamisi, akijua Jumamosi mchana mmemuua.

Na usiku wenyewe msiutupe. Mnaweza kuwa na orodha ya kumbi tatu ndogo ambazo wenyewe wanajua mnaweza kuja kwa haraka, mnawapigia, wakati mwingine na wao kuna bendi imewazingua. Ikishindikana rekodini video ya live kwenye chumba cha mazoezi, mko wote, nyimbo mmezifanyia mazoezi, mnasubiri nini.

Mmefika na mambo sio

Mlango umefungwa. Piga picha mlango, vyombo vyenu nje, na saa ionekane. Pigeni simu zote, alafu subirini mpaka saa mliyokubaliana kuanza kupiga. Najua inauma kukaa nje na spika lakini kusubiri huko kunaonyesha nyie mlikuwa tayari kufanya kazi na upande wa pili ndio haukuwepo. Mkiondoka saa 11 jioni watasema "tulifungua saa 12 hamkuwepo".

Mmekuta bendi nyingine, wote mna meseji za meneja huyo huyo. Msigombane na wale wapigaji, nao wamefanyiwa kama nyie. Kaeni pembeni viongozi wawili wa bendi, linganisheni meseji, mwendeeni meneja pamoja. Mkigawana usiku, kila bendi seti moja, malipo yajadiliwe upya yakiwa ya bendi mbili, asije akagawa hela ya bendi moja kwa mbili akaona kawaweza.

Vyombo walivyoahidi havipo. Hapa fanyeni hesabu ya kichwa: tunaweza kupiga bila hiki kitu? Maiki mbili zimepungua mnaweza. Spika za steji, zile zinazowaelekea nyie ili mjisikie, hakuna na mna waimbaji wanne, mtapiga vibaya na watu watakumbuka mlipiga vibaya, hawatakumbuka spika. Mkiamua kupiga, andikeni kwanza "tunapiga leo bila spika za steji mlizoahidi", tuma, alafu panda.

Watu hawajaja na meneja anakuja na uso wa huruma anataka kupunguza hela. Kama mlikubaliana kiasi kamili, ni kamili, hata wakija watu kumi. Ndio maana iliyobaki inalipwa kabla ya seti ya pili na sio baada ya shoo, saa 7 usiku kaunta imefungwa, mwenye hela "katoka kidogo", na nyie mmechoka mtakubali chochote. Seti ya kwanza ikiisha mtu mmoja, asiwe mwimbaji mkuu, anaenda kwa meneja kwa utulivu, "bosi tumalizie ile hesabu ndio tupande". Hasemi zaidi ya hapo. Kelele za mbele za watu zinawaaibisha wote. Na kama kweli ukumbi umekula hasara na mnataka kuwasaidia kwa sababu ni watu wazuri, punguzeni kwa hiari yenu na mpate kitu, tarehe nyingine mwisho wa mwezi kwa mfano, iandikwe pale pale.

Hela isipotoka

Tuma ankara yenye tarehe, kiasi, na siku ya mwisho kulipa, siku 14 ni kawaida. Ikipita, barua moja fupi yenye siku 7 za mwisho. Baada ya hapo nchi nyingi zina mahakama ya madai madogo ambayo unaenda bila wakili, na hapo zile skrinshoti na picha ndio zinaongea. Mara nyingi mtu akiona barua imetaja mahakama na ina viambatanisho analipa hata kabla. Kama nchi yenu ina chama cha wanamuziki angalieni wanachosaidia. Musicians' Union ya Uingereza ilianza 1893, American Federation of Musicians 1896, na mpaka leo moja ya kazi zao ni mikataba na kudai malipo ya wanachama, kwahiyo tatizo hili halijaanza na nyie.

Kuna deni la kuliacha pia. Kama ni kiasi kidogo, hakuna maandishi, na ukumbi umeshafungwa, mtapoteza mwezi mzima kwa hasira. Liandikeni kwenye daftari muendelee.

Na nyie msizingue

Masharti yote haya yanawarudia. Mkiwafuta ukumbi siku tatu kabla kwa sababu mmepata kazi yenye hela nyingi, mmefanya kile kile. Andikeni kwenye ile meseji nyie mkifuta inakuwaje, advansi inarudi ndani ya siku ngapi, na kila nafasi kwenye bendi iwe na mtu wa akiba anayejua nyimbo, hasa mwimbaji na mpiga drams maana hao wakiugua shoo imekwenda.

Sasa lile daftari. Faili moja kwenye simu ambalo wote mnaliona, kila ukumbi mstari mmoja: jina la aliyewapa kazi, jina la fundi mitambo, advansi iliingia lini, iliyobaki ililipwa saa ngapi, nini kilikosekana, waliwahi kufuta na walitoa taarifa siku ngapi kabla. Mwisho weka moja ya maneno haya: turudi, turudi kwa nusu mbele, turudi kwa malipo yote mbele, au basi. Meneja akibadilika, mstari unaanza upya, na simu ikija na tarehe nzuri usiku wa manane fungua kwanza faili ndio ujibu.